Michango ya kampeni California: pesa ya bahasha na ya M-Pesa naiandikaje?

mshika_daftari
Habari zenu wakuu. Dada yetu mmoja wa hapa kwetu anagombea kaunsili ya mji, hapa California, uchaguzi huu wa Novemba 2024, na mimi nimepewa uweka hazina kwa sababu ndio huwa nashika daftari la michango ya harusi na matanga. Sasa Jumamosi tukafanya harambee kwangu nyumbani, watu wakajaa mpaka uani, tukapata kama dola 3,100. Shida nimeandika vile tumezoea, jina na hela basi. Kuna mzee alinipa bahasha ya kaki, ndani dola 200 keshi, juu ameandika tu "Baba Neema na familia". Mjomba wa dada yuko Nakuru, ametuma elfu kumi na tano kwa M-Pesa kupitia binamu aliye huku, binamu anataka kunipa kwa dola. Chakula nilinunua mimi, dola 380, tenti na viti akaleta jamaa anayekodisha hivyo vitu na hakutaka kulipwa. Nimefungua Fomu 460, ile ripoti ya michango na matumizi ya kampeni, nikaona kizunguzungu. Naanzia wapi?

nilishika_2022
Pole na hongera, hiyo kazi niliifanya 2022 kwa mgombea wa mji jirani. Kwanza hiyo bahasha usiipeleke benki!! Keshi inaruhusiwa ikiwa chini ya dola 100, ikifika 100 lazima iwe cheki au kadi, njia inayoonyesha mwenye hela ni nani. Mrudishie mzee leo leo, kwa heshima, aandike cheki kwa jina lake mwenyewe, hakuna cha "na familia", mama naye akitaka aandike yake.

Halafu kila aliyefikisha 100 unahitaji jina kamili, anwani, kazi yake na mwajiri wake, na hesabu ni ya mwaka mzima kwahiyo aliyetoa 60 mwezi wa tatu na 60 juzi ameshavuka. Ukizikosa hizo taarifa ndani ya siku 60 unarudisha pesa. Hata wa dola 25 weka jina na anwani kwenye daftari lako, na makaratasi yote unatunza miaka minne, hata risiti ya mabango.

Kwa vile mmepita dola 2,000 nyinyi sasa ni kamati. Fomu 410 ya kusajili kamati ndani ya siku 10, na ada ya dola 50 kila mwaka. Akaunti ya benki ni moja tu ya kampeni, hata pesa ya mfukoni ya dada inapitia huko kwanza ndio itumike. Fomu 460 ya kwanza mwisho 26 Septemba, ya pili 24 Oktoba, inayofuata 31 Januari. Ukichelewa ni dola 10 kwa siku, na FPPC, tume ya California inayosimamia sheria za kampeni, ikifungua kesi inaweza kufika dola 5,000 kwa kila kosa. Na zile siku 90 za mwisho, mtu mmoja akifikisha 1,000 mna saa 24 kuripoti, weka alam kwenye simu.

binti_wa_pwani
Naongezea hiyo ya mjomba maana ndio mbaya kuliko zote. Sheria ya Marekani nzima inakataza pesa ya raia wa nje kwenye uchaguzi wowote, hata huu wa mtaani. Mwenye green card anatoa, aliye na viza ya masomo au ya kazi hatoi. Na binamu asiibebe kwa jina lake, kutoa kwa jina la mtu mwingine ni kosa lingine juu ya hilo. Mjomba arudishiwe elfu kumi na tano yake, apige simu ya kumtia moyo mpwa wake, hiyo hakuna anayeizuia.

Chakula usiwaze kwa vile nyumba ni yako, ilimradi gharama nzima ya shughuli, pamoja na thamani ya tenti na viti, haijazidi dola 500. Tenti na viti vyenyewe ni mchango wa vitu, muulize jamaa bei yake ya siku zote uiandike hiyohiyo.

jirani_mwema
Mimi hapa ndio nakwama. Watu wetu wanaogopa majina yao kuwekwa wazi, wengine wametoka kwenye nchi ambazo kuonekana umechangia upande fulani unatafutwa usiku. Leo unamwambia aandike na anapofanya kazi?

nilishika_2022
Ndugu, hofu hiyo naielewa na wala si ya kijinga. Ndio maana mwambie mtu KABLA hajatoa, asije akajiona huko baadaye akashtuka. Kwenye mtandao wanaficha mtaa na namba ya nyumba, ila jina, kazi na mwajiri vinaonekana. Anayeogopa atoe chini ya 100 kwa mwaka mzima, hapo jina haliingii kwenye ripoti. Lakini karatasi hiyohiyo ndio inakuonyesha mwenye kampuni ya majengo aliyemchangia diwani dola elfu kadhaa, kisha mwezi unaofuata kibali chake cha ghorofa kinapigiwa kura. Mimi nilizisoma za mji wetu kwa karani, jioni nzima, na tangu hapo sijakubali mtu aniambie hizi fomu ni usumbufu.

mshika_daftari
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetoka kwa mzee sasa hivi, alinyamaza kwanza nikadhani amekasirika, kumbe anatafuta miwani. Kitabu cha cheki kilikuwa chini ya Biblia. Ameandika jina lake kamili, kwenye kazi akaniambia niandike amestaafu. Hiyo inatosha au namfuata tena?

nilishika_2022
Inatosha. Andika amestaafu, pa mwajiri acha.