Dodge D100 ya 1965 yenye pakeji ya Custom Sports Special, muuzaji anasema zilitoka 50 tu, nitajuaje kama ni yenyewe?

Mtanga_Ohio:
Wakuu habari za wikiendi. Niko huku Ohio, kuna mzee mmoja mstaafu karibu na kazini kwangu ana pikapu Dodge D100 ya 1965, imelala bandani miaka na miaka, sasa anaiuza. Nilijua ni gari ya shamba tu, nafungua mlango nakuta siti mbili nyeusi za kukaa mmoja mmoja kama za gari ndogo, katikati kuna kiboksi, chini kapeti, na juu ya boneti mpaka kwenye paa inapita mistari minne. Mzee anasema ni pakeji ya kiwandani, Custom Sports Special, injini 426, na eti zilitengenezwa 50 tu ndo maana bei imechangamka. Nimesoma usiku kucha, huyu anasema 50, huyu anasema hazifiki, mwingine anasema zilikuwa nyingi tu. Naipenda hii gari jamani ila hela yenyewe ni akiba ya miaka 3. Nisaidieni.

GiaNne:
Mkuu 426 ni Hemi hiyo, ile injini kali ya mbio, usilale, beba kabla hajabadili mawazo.

Fundi_Rejeta:
Hapana, tusimpotoshe mwenzetu. 426 iliyofungwa kwenye hizi pikapu ni Wedge (chemba ya kuchomea mafuta ina umbo la kabari), siyo Hemi (chemba ya nusu tufe), ni injini mbili tofauti kabisa na bei zake mbingu na ardhi. Hiyo Wedge ni ya inchi za ujazo 426, kama lita 7, nguvu ya farasi 365. Pikapu ya kawaida ya wakati huo ilikuja na silinda 6 ya 225 yenye farasi 140, au V8 ya 318 yenye 200, kwa hiyo piga picha mtu wa 1964 anabebea mbao na mashine kama ile, na Li'l Red Express, pikapu nyingine ya Dodge ambayo watu wanaisifia sana, imekuja 1978, miaka 14 baadaye!

Sasa sikiliza hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kulikuwa na vitu viwili. Custom Sports Special ni urembo: siti, kiboksi cha katikati, kapeti, mistari, kromu. Ilianza 1964 ikaenda mpaka 1967, na ulikuwa unaweza kuichukua hata na ile silinda 6. Halafu kuna High Performance Package, hiyo ndo inaleta 426, gia otomatiki ya LoadFlite, eksozi mbili, mita ya mizunguko ya injini, na vyuma vya kuzuia ekseli ya nyuma isijipinde ukikanyaga. Hiyo namba 50 wengine wanaitaja kwa zenye 426 tu, wengine wanaibandika kwa kila gari yenye mistari. Mzee wako anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakuuzia urembo kwa bei ya injini.

Mtanga_Ohio:
Asante sana fundi, hii sikuiona popote. Kwa hiyo nikiiona 426 kwenye boneti nimemaliza?

Fundi_Rejeta:
Hujamaliza. 413, 426 Wedge na 440 ni familia moja, kwa nje zinafanana kama mapacha. Stroku (mwendo wa pistoni) zote ni inchi 3.75, tofauti ni upana wa silinda, 4.19 kwa 413, 4.25 kwa 426, 4.32 kwa 440. Na 440 zimejaa Marekani nzima, mtu anaweza kuitumbukiza humo miaka ya 80 akabandika nembo. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, usisome kava ya hewa.

Bibi_Chesisi:
Naongezea la makaratasi maana mimi nimehangaika na magari ya zamani muda mrefu. Custom Sports Special ilikuwa pakeji, siyo modeli, kwa hiyo namba ya chesisi inakuambia ni D100, haikuambii ilitoka na siti gani. Ndo maana hesabu zinagombana, kila anayeandika anamnukuu aliyeandika kabla yake. Mwambie mzee kwa upole akutafutie risiti ya duka la kwanza, au karatasi ya kiwandani, wakati mwingine zinakuwa zimejificha nyuma ya siti au chini ya kapeti. Picha za zamani za familia gari ikiwa mpya nazo ni ushahidi mkubwa. Na usimuulize "una uthibitisho?", muulize nani aliinunua na alikuwa anafanyia nini, wazee wanafunguka hivyo.

Fundi_Rejeta:
Dada umeongea. Na chini ya gari angalia vile vyuma vya ekseli, au alama za mahali vilipofungwa. Siti zinahamishwa mchana mmoja tu, ila yale matundu na kutu yake ya miaka 60 hayafekiki kirahisi.

Mtanga_Ohio:
Nimerudi wakuu. Jumamosi nimelala chini ya gari na tochi nusu saa. Vyuma havipo, wala tundu la kuonyesha viliwahi kuwepo, eksozi ni moja, mita ya mizunguko hakuna. Namba ya bloku nimeisugua nikapiga picha. Ila mzee kanionyesha picha ya 1966, baba yake kaegemea mlango, mistari minne ile ile inaonekana wazi. Kwa hiyo urembo ni wa kweli, injini nadhani iliingia baadaye. Nimempelekea bei ya gari yenye urembo, kasema atanipa jibu Jumatano.