Tupeane uzoefu: Ukiwa nchi ya watu, ni hofu gani ilikunyima usingizi?

Segerea Mwisho

Wakuu, habari za jioni. Nimeishi Uingereza miaka tisa na nimerudi Dar mwaka jana. Tangu nirudi naulizwa maswali mawili tu: umerudi na nini, na kwa nini umerudi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kule nilikuwa naogopa nini. Na sisi wenyewe tunachangia, maana picha tulizokuwa tunatuma nyumbani ni za theluji na za siku ya mshahara. Leo naomba tuandike hofu zenyewe. Naanza mimi.

Yangu ilikuwa simu ya usiku. Wakati wa baridi kule, Dar iko mbele kwa saa tatu. Kwangu ikiwa saa nane usiku, kwa mama ni saa kumi na moja alfajiri, anatawadha. Familia nzima walijua saa hizo mimi nimelala na sipigiwi. Kwa hiyo simu ikitetemeka chini ya mto, kabla sijapokea naangalia kwanza jina. Ikiwa ni dada, napumua, pengine kakosea saa. Niliyekuwa namwogopa ni baba mdogo, kwa sababu baba mdogo hapigi simu. Yeye huagiza watu wampigie.

Baba mdogo alipiga mwezi wa pili, saa tisa usiku. Mama alikuwa amefariki alfajiri ile. Kwetu maiti haiwekwi, walizika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, makaburi ya Segerea. Kwangu ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mtoto wa shangazi alinishikia simu nione. Nilichoona ni migongo ya watu na kanzu, na nilichosikia ni majembe. Halafu chaji ikamwishia.

Watu wananiuliza kwa nini sikuja hata kwenye arobaini. Nilikuwa nimeomba kuongezewa viza ya kazi na majibu hayajatoka. Sheria yao ni kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa, ombi linahesabiwa kuwa umeliondoa mwenyewe. Ningepanda ndege ningepoteza kazi na haki ya kurudi, na mdogo wangu alikuwa chuoni kwa hela ile ile. Majibu yalitoka wiki ya saba. Nilikuja Dar nikaoneshwa kaburi ambalo majani yameshaanza kuota.

Karibuni. Waliopo nje, waliorudi, na wageni mnaoishi hapa kwetu pia, andikeni.

BintiMbagala

Pole sana kaka yangu. Mungu amrehemu mama.

Mimi nilikuwa Oman, Muscat, kazi za ndani, mikataba miwili ya miaka miwili miwili. Pasipoti yangu ilikaa kwenye kabati la kafili, yaani mwajiri anayekudhamini kule, tangu siku ya kwanza. Sikupigwa, sikunyimwa chakula, nisiseme uongo. Ila jua tu kwamba ukiugua, ukifiwa, ukichoka, ufunguo wa kwenda kwenu uko mfukoni mwa mtu mwingine. Wakati wangu, bila yeye kukubali ulikuwa hubadilishi kazi wala huondoki kwa amani. Usiku nilikuwa najiuliza, leo hii wakiniambia mwanangu kalazwa, naanzia wapi?

Halafu kuna jambo ambalo walioenda kule watanielewa. Waomani wengi wanajua Kiswahili. Bibi wa nyumba ile alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alinipenda, alikuwa ananisimulia Unguja ya utoto wake. Lakini maana yake nikipiga simu nyumbani sina pa kulilia. Nikisema nimechoka, anasikia. Ikabidi niongee na mama Kimakonde, lugha ambayo nyumbani Mbagala nilikuwa naionea aibu. Kule ndiyo ikawa chumba changu.

Hofu kubwa kuliko zote ilikuwa mtoto. Nilimwacha ana miaka miwili. Nilikuwa namwona kwenye simu kila Ijumaa, anacheka, anaimba, nikajipa moyo kwamba ananijua. Nilipotua, mama alikuja naye kunipokea. Nikamwita kwa jina. Akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, bibi akamsukuma kidogo, msalimie. Akasema, "Shikamoo anti."

Sasa ana miaka tisa na ananiita mama. Lakini akiumia, akianguka, jina linalomtoka kwanza ni la bibi.

Msimbazi na Kongo

Dada umeniliza mchana huu dukani.

Yangu fupi. Mimi wa Kariakoo, nilikaa Guangzhou miaka mitatu nikisimamia mizigo. Kule mgeni ukihamia nyumba una saa ishirini na nne za kujiandikisha polisi, usipofanya hivyo umeshakuwa na kosa, kwa hiyo roho juu kila unapohama. Lakini hiyo unaizoea. Ambayo sikuizoea ni Aprili 2020. Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, hoteli hazitupokei, watu wanalala nje na mabegi. Mwenye nyumba wangu hakunifukuza, ila kwa siku kumi na moja nililala na viatu. Na huku nyumbani mwezi huo huo ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa. Hata ukisema basi narudi, hakuna pa kurudia. Sijawahi kuogopa vile, na mzigo wa watu umeshikiliwa bandarini wananipigia simu wanadai.

Kibada88

Niko Ujerumani, mwaka wa kumi na mmoja huu, nauguza wazee.

Hofu ndogo kwanza. Huku barua nzito za serikali na mahakama zinaletwa kwenye bahasha ya njano, na postamani anaandika tarehe juu yake. Siku zako za kujibu zinaanza kuhesabiwa hapo, hata kama uko zamu ya usiku na hujaifungua. Miaka ya mwanzo, Kijerumani changu cha kuungaunga, nilikuwa nikirudi kazini napita pembeni ya sanduku la barua bila kulitazama. Nanywa chai kwanza, ndiyo nashuka na ufunguo.

Sasa kubwa. Tangu Juni 2024 Ujerumani imeruhusu mtu achukue uraia wao bila kuuacha wa kwao. Wenzangu Waghana na Wanigeria walisherehekea. Mimi nilikaa kimya, maana kinachonizuia hakiko huku. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Nikiapa hapa, kule nimetoka. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa kanuni yake ya jumla, inasema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nina kiwanja Kibada, Kigamboni. Nilikinunua kwa zamu za usiku, nimepanda miembe miwili, mmoja umeshazaa. Nikichukua pasipoti nyekundu nitalala bila wasiwasi wa kibali, halafu nitakuwa mgeni chini ya mwembe wangu mwenyewe.

Watu wananiambia chukua tu, nani atajua. Nitajua mimi. Na ndugu watajua, siku tukigombana ndiyo watasema.

Wanangu wamezaliwa huku. Bibi yao akipiga kutoka Kigamboni wanasema "shikamoo" vizuri kabisa, ndiyo imeisha hapo. Bibi anasema maneno mengi, wao wananitazama mimi niwaambie amesema nini.

Segerea Mwisho

Kibada88, hilo la mwembe nimelisoma mara mbili. Kiwanja kipo salama lakini? Nani anakiangalia?

Kibada88

Mkuu, hiyo nayo ni hofu ya kila mwezi. Anakiangalia mdogo wangu, namwamini. Ila kila akituma picha naangalia kwanza pembeni, kama kuna mchanga au tofali ambazo si zetu.

Mama wa Temeke

Wanangu nawasalimu. Mimi sijawahi kuishi nje. Nimeomba binti yangu anisaidie kuandika, kwa sababu mnasema hofu zenu na sisi tuliobaki tuna zetu.

Kaka yangu yupo Marekani, Minnesota, mwaka wa kumi na nne. Baba yetu alipopata kiharusi, sisi wa huku tulikaa kikao tukakubaliana asiambiwe. Tulisema yuko peke yake, anafanya kazi mbili, tukimwambia atafanya nini zaidi ya kulia kwenye baridi? Akipiga tunasema mzee kalala. Akipiga tena, mzee kaenda msikitini. Baba alikuwa kitandani, mdomo umepinda, na mimi nasema kaenda msikitini. Miezi minne.

Kaka alikuja kujua kwa jirani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Dada, kwa hiyo hata hizo siku ambazo ulisema yuko mzima, hakuwa mzima?" Tangu hapo nikimwambia nyumbani wazima, ananiambia niwashe video nizunguke vyumba vyote. Namzungusha. Jikoni, uani, kitandani kwa baba.

Nilidhani namwondolea hofu, kumbe nimemwachia ya maisha.

Segerea Mwisho

Mama, shikamoo. Nimeweka simu chini nikatoka nje kwanza.

Kuna kitu sikuandika kule juu. Mama yangu hakufa ghafla. Aliumwa miezi mitatu, na dada yangu alinificha. Kila nikituma hela ya matumizi naambiwa mama anashukuru sana, na hela ile ilikuwa inaishia hospitali. Nilijua baada ya kurudi, nilipokuta vyeti vya vipimo kwenye mfuko wa rambo nyuma ya kabati. Kimoja kilikuwa cha tarehe ambayo mimi nilituma picha niko ufukweni na wenzangu, nimeandika "maisha ndiyo haya". Mama aliiona ile picha akiwa wodini. Dada anasema alifurahi.

Mimi na dada tunasalimiana. Tunakula pamoja sikukuu. Lakini hilo hatujaligusa. Maneno yako ni mara ya kwanza namsikia mtu wa upande wake.

Mama wa Temeke

Marahaba mwanangu. Usimhukumu. Kuficha kulikuwa kazi ngumu kuliko kuuguza, nakuambia kwa Mungu.

Mwana wa Nakuru

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, naishi hapa Dar, Kinondoni, mwaka wa sita. Mwenye uzi amesema hata wageni waandike.

Watu wetu hudhani Dar si ng'ambo kwa sababu lugha ni moja. Si moja. Wiki ya kwanza niliingia dukani nikasema "nipe maji," mama wa duka akaniangalia kama nimemtukana. Hapa mtu husema "naomba". Nilijifunza, lakini bado nikifungua mdomo kwa daladala, wote wanajua. Mara nyingi ni utani mzuri tu. Ila kukiwa na kitu kwa habari kati ya nchi zetu mbili, siku hiyo huwa naongea kidogo sana.

Mke wangu alikuwa na saluni. Mwisho wa Julai 2025 kulitoka amri ya serikali, biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, na saluni iko ndani, isipokuwa ya hotelini au kwa ajili ya watalii. Sisemi nchi haina haki ya kulinda watu wake, hata kwetu watu hulalamika vivyo hivyo. Nasema jinsi usiku ule ulivyokuwa. Alikuwa na wasichana wawili wa hapa aliowafunza kusuka, walikuja nyumbani wakakaa kwa sofa bila kuongea. Kibali changu cha kazi nacho ni cha miaka miwili miwili, na sheria ina kikomo cha miaka kwa wengi wetu. Mwajiri aliniombea nyongeza ndiyo nimefika wa sita. Mtoto wetu yuko darasa la tatu, anaongea kama mtu wa Dar, anaimba wimbo wa taifa wa Tanzania. Akiniuliza tutaishi hapa mpaka lini, mimi humwambia amalize kwanza homework.

Msimbazi na Kongo

Karibu sana jirani. Hao wasichana wawili wameenda wapi?

Mwana wa Nakuru

Mmoja alichukua kile chumba, anaendesha mwenyewe. Mke wangu anamsaidia kwa simu kuagiza nywele. Mwingine alirudi Tanga.

GMboto

Wakuu samahani naingilia. Nina miaka ishirini na minne, naondoka Jumamosi kwenda Doha, kazi ya ulinzi, mkataba miaka miwili. Nimesoma uzi wote toka juu. Nilikuwa na furaha, sasa tumbo linaniuma. Mniambie nifanye nini hizi siku nne zilizobaki. Mama yangu ana presha.

BintiMbagala

Mdogo wangu, piga picha kila ukurasa wa pasipoti na wa mkataba, mtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini na mwingine asiye ndugu. Hakikisha unachosaini kule ndicho ulichosaini hapa, wakikupa karatasi nyingine uliza. Andika namba ya ubalozi wetu Doha kwenye daftari, siyo kwenye simu tu, simu inaweza kuchukuliwa. Na namba ya mama ijue kwa kichwa. Mimi nilikuwa siijui.

Segerea Mwisho

Mdogo wangu, nenda. Sikuandika uzi huu kukurudisha nyuma, nami sijutii miaka yote tisa.

Ila kabla ya Jumamosi kaa na mama na ndugu zako pamoja, chumba kimoja. Waambie, mama akiumwa nataka kujua siku hiyo hiyo, hata kama siwezi kuja, hata kama nitalia. Waapishe. Mteue mmoja ndiye atakuwa anakuambia ukweli, na umwahidi hutamfokea. Mimi sikumteua mtu, kila mmoja akadhani kunificha ndiyo upendo. Na wewe uwape ukweli wako. Siku mbaya uiseme kwamba ni mbaya.

Pia muulize mama dawa zake zinaitwaje, andika.

GMboto

Asante kaka. Asante dada.

Nimerudi kutoa mrejesho. Tumekaa jana usiku. Mama alikataa kwanza, akasema hayo ni maneno ya kuitia nyumba mkosi. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili, ndiye aliyesema, "Mimi nitakuwa namwambia." Mama akamwangalia muda mrefu. Halafu akaenda chumbani akarudi na dawa zake, akazipanga mezani moja moja, nikaandika.