Naomba ushauri: baba ana presha na lehemu, chumvi inatushinda

Habari zenu wapendwa. Baba yangu ana miaka 61. Mwezi uliopita alipimwa presha ikasoma 164/98, na lehemu (mafuta kwenye damu, kolesteroli) nayo iko juu. Daktari amemwanzishia dawa, akasema bila kubadili chakula na kuacha sigara moyo utaendelea kuelemewa.

Sigara ameacha, wiki ya tatu sasa, namshukuru Mungu. Kutembea anajitahidi, nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Shida ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, tena pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya kopo. Jana nilimpikia mboga bila chumvi kabisa, nikaunga kwa kitunguu saumu na kukamulia limau. Akaonja vijiko viwili, akasukuma sahani taratibu, akanyamaza. Iliniuma sana.

Mliowahi kuuguza mtu wa hivi, mlipunguza kidogo kidogo au mlikata mara moja? Ulimi ulichukua muda gani kuzoea? Kuna aliyenishauri chumvi mbadala yenye potasiamu, ila haifai kwa wenye shida ya figo wala kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha, kwa hiyo simpi kabla ya kumuuliza daktari.

Halafu akijisikia vizuri anaruka dawa. Mzazi kama huyu mnamwambiaje bila kumvunjia heshima?