Naomba ushauri: kushiriki mbio za kujifurahisha bila kuwa mkimbiaji

Ndugu wanachama, marafiki zangu wamenishawishi tushiriki mbio za kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, zile za kujifurahisha zinazoambatana na za kilomita 42 na 21, huku kundi letu likivaa kama msafara wa harusi: bwana, bibi, wazee wa pande zote mbili, nami nikiwa mshenga mwenye kanzu, koti na bakora. Mimi si mkimbiaji. Hata daladala ikianza kuondoka, huwa nasubiri inayofuata.

Umbali wenyewe haunitishi sana, kwa kuwa wengi hutembea. Hofu yangu ni kanzu. Moshi huwa na joto kali msimu huo, na vazi refu likilowa jasho hunasa magotini. Je, niipunguze urefu na kuvaa bukta ndani, au niliache koti kabisa, ingawa wenzangu wanadai kwamba mshenga asiye na koti ni mpiga picha tu? Pia, je, kutembea kwa kasi kila jioni, nikichanganya na kukimbia dakika chache, kunatosha kwa maandalizi? Naomba hasa maoni ya waliowahi kukimbia wakiwa na mavazi ya namna hii.