Mrejesho: maganda ya .45 ACP kufupika yakijazwa upya

Wakuu, niliuliza kwa nini maganda yangu ya risasi za bastola aina ya .45 ACP yanafupika kila yakijazwa upya, wakati ya raifo hurefuka. Asanteni, nimeyapima kwa kalipa na mlikuwa sahihi. Ganda lililonyooka, la presha ndogo, hutanuka ubavuni na shaba haisogei mbele. Kikomo cha urefu ni milimita 22.81 na yangu yote yako chini yake, kwa hiyo hakuna cha kukata. Ila mafupi na marefu msiyachanganye, mdomo wa ganda utabanwa kwenye kichwa cha risasi bila usawa.

Kinacholimaliza ganda hasa ni shaba kukakamaa. Kila likipita kwenye dai (kifaa cha kulirudisha ganda kwenye kipimo chake) na mdomo kupanuliwa, linazidi kuwa gumu, mwishowe linapasuka kuanzia mdomoni. Panueni kiasi tu cha kichwa cha risasi kukaa bila kukwaruzwa. Tikiseni maganda machache kiganjani: lenye ufa halilii vizuri kama mengine, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Fataki (kiwashio cha baruti kitakoni) ikiingia kilegevu, tupeni ganda. Na msiyalainishe kwa moto. Haya ni mafupi mno, joto hufika kitakoni upesi, na kitako kikilainika hakihimili presha.