Tetralojia ya Fallot: mtoto wa kilo 6 Kigoma, rufaa bado haina tarehe

mwandiga_opd
Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa miezi 8, kilo 6, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha tetralojia, ile kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayobana njia ya damu kuelekea mapafuni. Akitulia oksijeni ya damu ni asilimia 74, akilia inashuka chini ya 50 na analegea. JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar) wameshapelekewa taarifa. Tumshikilieje? Na je, upo upasuaji wa kumvusha usiotaka mashine ya moyo na mapafu?

watoto_tabora
Akibadilika rangi, mkunje magoti yabane kifua, akiwa mikononi mwa mama. Usianze kumng'ang'ania kutafuta mshipa, maana kilio ndicho kinachozidisha kubana kwa njia ya damu kuelekea mapafuni. Oksijeni mpe, ila peke yake haitoshi. Asipotulia, mofini 0.1 mg/kg kwenye msuli (kwake 0.6 mg) na ambu (mfuko wa kupumulisha) iwe karibu, kisha maji ya chumvi 10 ml/kg. Lasix (ya kukojoza) na digoksini (ya kuongeza nguvu ya moyo) weka mbali. Kuzuia: propranolo ya kunywa 0.5 mg/kg kila saa 8. Asiponyonya, pima sukari.

Halafu Hb (kiwango cha damu), hapa wengi hupitiwa. Hb 11 kwa mtoto wa bluu (mwenye oksijeni ndogo kama huyu) ni upungufu, mwanzishie madini ya chuma. Akiharisha msimwache akauke, damu nzito huganda hadi ubongoni.

theatre_kifua
Upasuaji huo upo tangu 1944: madaktari Blalock na Taussig pamoja na fundi wa maabara Vivien Thomas, Baltimore, Marekani. Ateri ya mkono inaunganishwa na ya mapafu, moyo ukiendelea kupiga. Siku hizi huwekwa bomba la Gore-Tex, 3.5 au 4 mm. Bomba likikosekana, ile njia ya kwanza bado inafaa: ateri yenyewe inakatwa na kushonewa kwenye ya mapafu. Hununui kitu, na inakua na mtoto. Ubaya wake, mkono ule hauaminiki tena kwa kupima presha.

Heparini (ya kuzuia damu kuganda) yuniti 100 kwa kilo kabla ya kubana ateri. Baadaye oksijeni 75 hadi 85 inatosha. Ukiona 95, mapafu yanafurika. Ikishuka ghafla na mvumo wa damu kwenye kiungo hicho haupo, kiungo kimeziba.

Lakini kukosa mashine si kukosa ICU, kwa hiyo si kazi ya kujaribia Kigoma. Na kwa miezi 8, wakiweza kumrekebisha moja kwa moja Dar, ni bora kuliko kumfungua mara mbili.

mwandiga_opd
Asante sana wakuu. Ndege au treni?

watoto_tabora
Ndege, kwa kuwa treni ni safari ndefu mno akibadilika njiani. Ila hewa ya ndani huweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400, 74 yake itashuka. Oksijeni ya safarini ikubaliwe na shirika kabla ya tiketi, na propranolo asiruke dozi.