Mrejesho: gitaa langu la mbao lililokuwa likivuma jukwaani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu gitaa nililotengeneza mwenyewe, lililokuwa likivuma (sauti ya spika inarudi kwenye gitaa na kuzunguka tena) kila fundi mitambo akipandisha sauti. Jumapili nimepiga ibada nzima bila kukatisha!

Kilichosaidia zaidi ni kuziba tundu la sauti la gitaa kwa kifuniko cha mpira, pamoja na kuhamisha monita (spika ya jukwaani ya mpigaji kujisikia) iliyokuwa ikitazama tumbo la gitaa. Kisha tukapunguza besi kwenye miksa (mtambo wa kurekebisha sauti), karibu na Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde). Mkuu uliyeshauri kujaza sponji ndani, nilijaribu, ila sauti ilikufa, nikaitoa. Uzi wa tano (noti A, Hz 110) bado unavuma nikisogelea spika kubwa. Nikirudi hatua mbili unatulia. Mungu awabariki.